Almasi haikuwa na kosa: kisa cha vigunduzi vya urujuanimno vya LYRA

Tarehe 6 Januari 2010, miezi miwili baada ya satelaiti ya PROBA2 kurushwa kutoka Plesetsk nchini Urusi, vifuniko vya kifaa kiitwacho LYRA vilifunguliwa. Kwa mara ya kwanza vigunduzi vyake vya almasi vikapigwa na jua lenyewe. Kazi yao ilikuwa kupima urujuanimno wa jua mchana na usiku, kwa kuwa satelaiti ile huzunguka dunia kwenye mstari wa machweo na mapambazuko, takribani kilomita 720 juu, ambako kwa sehemu kubwa ya mwaka jua halizami. Katika miezi ya mwanzo chaneli mbili za kitengo kilichofanya kazi kila siku zilianza kushuka kwa kasi. Ya tatu ikafuata. Ya nne ilibaki karibu ilivyokuwa.

Yeyote aliyewahi kutengeneza kigunduzi kwa kitu kipya anajua shaka ya kwanza itaangukia wapi. Almasi ndiyo iliyokuwa mgeni katika kifaa kile. Silikoni ilikuwa na miongo ya uzoefu angani, almasi haikuwa nayo. Kisa hiki kinahusu namna mtuhumiwa alivyopatikana hana hatia, na jinsi ushahidi wa kumwachilia ulivyokuwa umewekwa ndani ya kifaa kabla hakijaondoka ardhini. Bila maandalizi hayo, kushuka kule kungeandikwa kwa jina la almasi, na si ajabu watu wangeacha kuitumia.

Kwanza, kwa nini almasi. Jua hutupa juu ya dunia takribani wati 1361 kwa kila mita ya mraba. Mstari wa Lyman-alfa, yaani mwanga wa haidrojeni wenye urefu wa wimbi wa nanomita 121.6, huchangia milliwati 6 hadi 10 tu kwa mita hiyo hiyo. Jua linapokuwa tulivu, hiyo ni sehemu moja kati ya laki mbili hivi. Silikoni ina pengo la nishati la elektronivolti 1.12, kwa hiyo inaona kila kitu kuanzia nanomita 1100 kushuka chini: mwanga wa kawaida wote na sehemu ya joto la jua. Ukitaka ione Lyman-alfa peke yake, sharti uweke vichujio vizito mbele yake, na kila kichujio unachoongeza kinakula pia ule mwanga mchache unaoutafuta. Almasi ina pengo la elektronivolti 5.47. Gawanya 1240, namba inayogeuza elektronivolti kuwa nanomita, kwa 5.47, unapata nanomita 227. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, yenye wimbi refu kuliko hapo haina nguvu ya kuing'oa elektroni kutoka mahali pake katika almasi safi, hivyo inapita bila kuacha alama. Ndiyo maana husemwa kwamba almasi ni pofu kwa jua linaloonekana, na upofu huo ndio thamani yake.

Kuna faida ya pili ambayo katika kisa hiki ina uzito kuliko inavyoonekana. Kwa pengo kubwa hivyo, joto la kawaida haliwezi kuzalisha elektroni huru za kutosha kuleta usumbufu, kwa hiyo mkondo wa giza wa almasi, yaani umeme unaopita hata pasipo mwanga, ni mdogo mno bila kupoozwa. Kigunduzi kinachohitaji kupoozwa angani huwa mtego, kwani mivuke yote inayozurura ndani ya chombo huenda kuganda pale penye baridi kuliko pengine. LYRA haikuhitaji baridi. Iliepuka mtego mmoja, kisha ikakutana na mwingine.

Muundo wa kifaa ndio ufunguo wa kesi. LYRA ina vitengo vitatu vilivyo sambamba, kila kimoja na chaneli nne. Chaneli ya kwanza ni ya Lyman-alfa. Ya pili huitwa Herzberg, nanomita 190 hadi 222. Ya tatu ina kichujio cha karatasi nyembamba ya alumini inayopitisha nanomita 17 hadi 80 pamoja na eksirei laini chini ya nanomita 5. Ya nne ina kichujio cha zirkoni, nanomita 6 hadi 20 na eksirei zilizo fupi zaidi, chini ya nanomita 2. Kitengo cha 2, kile kilichofanya kazi kila siku, kina almasi katika chaneli zote nne. Kitengo cha 1 kina almasi katika tatu na silikoni katika ile ya zirkoni. Kitengo cha 3 kina silikoni kila mahali isipokuwa Herzberg. Kwa hiyo rangi ile ile ya jua hupimwa na vitu viwili tofauti, nyuma ya vichujio vya jamii moja, ndani ya chombo kimoja.

Almasi zenyewe ni za aina mbili. Aina ya kwanza ni MSM: metali, nusu-kipitishi, metali. Juu ya uso wa almasi huchorwa vidole vya metali vinavyoingiliana kama meno ya vitana viwili, kisha huwekwa volti kati ya kitana kimoja na kingine. Mwanga ukianguka katikati ya meno, elektroni na mashimo yake, yaani nafasi zilizoachwa wazi, huvutwa pande mbili na mkondo hupatikana. Aina ya pili ni PIN, dayodi yenye uwanja wa umeme wa ndani, ambayo hutoa mkondo hata bila volti kutoka nje. Chaneli zote tatu za Herzberg zilipewa PIN, na almasi nyingine zote ni MSM. Maandalizi ya vigunduzi yalishirikisha maabara ya IMOMEC ya Ubelgiji, chini ya Royal Observatory of Belgium iliyoongoza mradi mzima, pamoja na Centre Spatial de Liège na taasisi ya PMOD/WRC ya Davos, Uswisi. Kabla ya kurushwa, kila chaneli ilipimwa kwa mwanga unaojulikana kwenye sinkrotroni ya BESSY II mjini Berlin, mashine inayozungusha elektroni kwa kasi hadi zitoe mwanga.

Kila kitengo kina pia taa ndogo za LED, moja ikitoa mwanga unaokaribia urujuanimno na nyingine wa buluu. Zimewekwa kati ya kichujio na kigunduzi. Msomaji asipite hapo haraka. Mwanga wa jua lazima upenye kichujio ndipo ufike kwenye almasi, lakini mwanga wa LED hufika moja kwa moja. Ukifunga kifuniko cha nje, ukasoma mkondo wa giza, kisha ukawasha LED na kusoma tena, umekipima kigunduzi peke yake, mbali na kichujio kilicho mbele yake.

Sasa turudi kwenye kushuka. Watuhumiwa walikuwa wanne.

Mtuhumiwa wa kwanza ni mionzi ya angani. Satelaiti ya kilomita 720 hupita mara kwa mara juu ya eneo la Atlantiki ya Kusini, ambako protoni za mikanda ya mionzi inayoizunguka dunia hushuka chini. Protoni inaweza kugonga atomu ya kaboni na kuihamisha kutoka katika nafasi yake, na nafasi tupu inayobaki hunasa elektroni zinazopita. Kuing'oa atomu kutoka katika almasi kunahitaji nishati karibu maradufu ya ile ya silikoni, lakini ugumu huo si kinga kamili. Kama mionzi ndiyo iliyohusika, mambo matatu yangeonekana: mkondo wa giza ungebadilika na kubaki umebadilika, ishara ya LED ingeshuka sambamba na ishara ya jua, na vitengo vyote vitatu vingeumia kwa kiasi kinacholingana, maana protoni hazijali kifuniko kimefungwa au kimefunguliwa. Hakuna hata moja lililotokea. Mkondo wa giza ulipanda na kushuka kwa kufuata joto la kifaa, LED zilisomeka kama zamani, na kitengo cha 1, kilichofunguliwa kwa nadra kwa makusudi ya kukihifadhi, kilibaki karibu kizima.

Mtuhumiwa wa pili ni chaji zilizonaswa kwenye almasi. Huyu ni mwerevu zaidi, kwa sababu kosa lake ni la kweli. MSM za LYRA zilikuwa na kasoro inayojulikana: kifuniko kikifunguliwa, ishara haisimami papo hapo. Hupanda kwanza kwa kasi, kisha hujivuta kwa muda mrefu kabla ya kutulia, kwa sababu kasoro za ndani na za uso hunasa chaji na kuziachia polepole. PIN na silikoni hutulia mapema. Kwa mtu anayesoma grafu kwa pupa, kujivuta huko kunaweza kuonekana kama kuchoka kwa kigunduzi. Kuna tofauti moja inayowatenganisha: kunaswa kwa chaji hurudi mwanzo kila unapofunga na kufungua kifuniko, ilhali kushuka kwa kitengo cha 2 hakukurudi hata siku moja. Isitoshe Herzberg, yenye PIN isiyo na tabia hiyo, ilishuka vibaya pamoja na Lyman-alfa. Kasoro ya MSM haiwezi kushusha kigunduzi ambacho si MSM.

Mtuhumiwa wa tatu ni elektroniki. Mikondo inayopimwa hapa ni midogo kiasi cha kutisha. Chukua tundu la kipenyo cha milimita 3 na Lyman-alfa ya milliwati 6.5 kwa mita ya mraba: nanowati 46 zinaingia. Kichujio kikipitisha asilimia 5, zinabaki nanowati 2.3. Kwa nanomita 121.6, ikiwa kila fotoni moja ingetoa elektroni moja, wati moja ingezaa ampea 0.098, tuseme nusu yake inapatikana, jibu ni takribani nanoampea 0.11. Katika mkondo kama huo uvujaji mdogo tu kwenye kihami, yaani kitu kinachozuia umeme, ni maafa. Lakini uvujaji huongeza ishara, hauipunguzi. Na kama kipaza-ishara kingepoteza nguvu, LED zingekuwa za kwanza kusema, maana zinapita kwenye njia ile ile.

Akabaki wa nne: kilichokaa mbele ya almasi. Ndani ya chombo chochote cha angani mna gundi, rangi, mipira ya kuzibia, ngozi za nyaya. Katika ombwe vyote hutoa mivuke ya misombo ya kaboni na mingine ya silikoni, na mivuke hiyo hutua popote. Kwenye giza, molekuli hutua na kuondoka tena. Lakini zikitua juu ya kichujio kilichoelekea jua, urujuanimno huzikata na kuziunga upya ziwe minyororo mirefu inayoshika uso kama vanishi, haziondoki tena. Aliyewahi kusafisha kioo cha dirisha lililo karibu na jiko anaujua ukoga wa mafuta uliogandishwa na joto. Hapa kazi ya joto imefanywa na jua.

Ushahidi dhidi ya ukoga uko wa aina tatu, na kila mmoja umetoka upande wake. Kwanza, hasara ilifuata saa za kufunguliwa, haikufuata kalenda. Kitengo cha 2 kilikuwa wazi karibu muda wote kikapoteza zaidi. Cha 3, kilichotumika kwa kampeni maalumu kama kuwinda milipuko ya jua, kilipoteza kidogo kuliko hicho. Cha 1 kilipoteza kidogo zaidi ya vyote. Vyote vitatu vilikaa angani siku zile zile, vikipumua mivuke ile ile. Pili, LED zilizo nyuma ya kichujio hazikuona kitu. Tatu, na huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote, mpangilio wa hasara kwa rangi ulikuwa saini ya kaboni. Utando wa kaboni hunyonya sana mwanga wa Lyman-alfa na jirani zake. Hunyonya pia sehemu kubwa ya urujuanimno mkali unaopita kwenye alumini. Ukishuka chini ya nanomita 20, na zaidi sana kwenye eksirei laini, unaanza kupitisha. Na chaneli ya zirkoni, inayoishi huko chini, ndiyo iliyopoteza kidogo kuliko zote katika kitengo cha 2. Almasi iliyoharibika isingechagua rangi kwa namna hiyo.

Unene unaohitajika kufanya uharibifu huo ni mdogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Tuseme, kwa hesabu ya kukisia, utando wa kaboni unapunguza Lyman-alfa hadi kiasi cha theluthi moja na ushei kila baada ya nanomita 20. Nanomita 60 zitaacha asilimia 5 ya ishara. Nanomita 100 zitaacha chini ya asilimia 1. Unywele wa binadamu ni mnene mara mia kadhaa kuliko hapo. Darubini ya kawaida ya kukuza ingepata taabu hata kuuona ukoga huo.

Tunapaswa kuwa waangalifu kuhusu shahidi wa LED. Mwanga wake una nishati ndogo kuliko pengo la almasi. Almasi safi kabisa isingeuona. Inauona kwa sababu ya kasoro zilizomo ndani, kama vile atomu za nitrojeni. Kwa hiyo LED hujaribu njia ya umeme na zile kasoro, haijaribu moja kwa moja uwezo wa kunasa fotoni ya Lyman-alfa, ambayo humezwa ndani ya makumi machache ya nanomita za juu kabisa. Kama uso peke yake ungeharibika na kina kikabaki kizima, LED ingeweza kusema "salama" wakati hali si salama. Ndiyo sababu ushahidi wa saa za kufunguliwa na ule wa rangi ulihitajika kusimama kando yake. Na silikoni ya kitengo cha 3 ilisaidia pia, kwani nyuma ya vichujio vya jamii ile ile kushuka kulifuata mwendo ule ule ingawa kigunduzi kilikuwa cha kitu kingine kabisa.

Kwa watumiaji wa data, hukumu hii ilibadilisha kazi. Kama kigunduzi kingekuwa kimepoteza nguvu sawasawa kwa rangi zote, ungezidisha kwa namba moja ukaendelea. Lakini ukoga hubadilisha umbo la mwitikio. Chaneli ya alumini, kadiri urujuanimno wake mkali ulivyozibwa, ilizidi kutegemea eksirei laini, hivyo kwenye mlipuko wa jua ikaanza kufanana na zirkoni. Anayelinganisha mlipuko wa 2010 na wa miaka ya baadaye kwenye chaneli hiyo bila kulijua hilo atadhani jua limebadilika tabia. Kwa upande wa Lyman-alfa, mavuno bora yako mwanzoni kabisa: mlipuko wa daraja la M (la pili kwa ukubwa) wa tarehe 8 Februari 2010 ulinaswa kwenye chaneli hiyo, ukiongeza mwanga kwa chini ya asilimia 1 tu. Ongezeko dogo kiasi hicho, likichukuliwa kwa usomaji wa mara nyingi kwa sekunde, lilionekana kwa sababu vichujio vilikuwa bado safi na mkondo wa giza wa almasi ulikuwa mdogo. Wiki chache za kwanza za kifaa kama hiki ni mali. Ratiba ya kupima inafaa ipangwe kwa kulijua hilo.

Kesi ile ile mezani, kwa almasi ya nanochembe

Leo baadhi ya vigunduzi vya majaribio havitengenezwi kwa almasi ya fuwele moja kama ile iliyofaa LYRA. Hutengenezwa kwa tando za almasi zenye chembe za nanomita, ambazo ni nafuu na huweza kuoteshwa juu ya eneo kubwa. Kuna almasi ya nanochembe, yenye chembe za chini ya nanomita 100, na kuna ile ya chembe ndogo zaidi, nanomita 2 hadi 5, iliyoendelezwa na Argonne National Laboratory ya Marekani kwa kutumia gesi iliyojaa argoni. Mtu akiitengeneza na ishara ikamsumbua, watuhumiwa ni wale wale wanne, ila mpangilio wa shaka hugeuka: sasa almasi yenyewe inapaswa kuhojiwa kwanza, kwa sababu kati ya chembe na chembe kuna mpaka, na mpakani kaboni haikujipanga kama almasi. Imejipanga nusu-grafiti. Hapo hakuna pengo la elektronivolti 5.47.

Uoteshaji huanza na mbegu. Chembe za almasi zilizozaliwa ndani ya mlipuko wa baruti, zenye nanomita 4 hadi 5, husambazwa ndani ya maji, na kipande cha chini, ambacho utando utaota juu yake, huzamishwa humo kwenye beseni la ultrasauti kwa dakika 10 hadi 30, kisha huoshwa kwa maji safi na kukaushwa kwa nitrojeni. Shabaha ni mbegu zaidi ya bilioni 100 kwa sentimita ya mraba. Kwa wingi huo umbali kati ya mbegu ni takribani nanomita 32, hivyo utando hufunga mapengo ukiwa bado mwembamba. Mbegu zikiwa chache utabaki na matundu, na elektrodi itakayopita juu ya tundu itagusa kipande cha chini. Kipande hicho kisiwe silikoni tupu. Utando wa nusu mikromita hupitisha mwanga wa kawaida, silikoni iliyo chini inauona, na mkondo unaousoma unakuwa wa silikoni. Kosa hili limewapa wengi matumaini ya bure. Tumia kwazi iliyoyeyushwa, lakini usivuke mikromita moja hivi ya unene: kwazi hujikunja kidogo sana inapopoa, almasi hujikunja zaidi, na utando mnene hupasuka.

Kwenye plazima ya mikrowevu, yaani gesi iliyochajiwa umeme kwa mikrowevu ili almasi iote, gesi ni haidrojeni yenye metheni asilimia 1 hadi 5, na joto la kipande ni nyuzi 700 hadi 800 za Selsiasi. Metheni ikiwa kidogo, chembe hukua kadiri utando unavyonenepa na mipaka hupungua. Ikiwa nyingi, utando huota haraka na laini, lakini mipaka huongezeka, na kwa kigunduzi cha urujuanimno huo ni ubadilishanaji mbaya. Ni afadhali utando wenye uso mkwaruzo kidogo na mkondo mdogo wa giza kuliko uso unaong'aa unaoona taa ya chumba. Kipimo cha Raman, kinachosoma mwanga wa leza uliotawanywa na utando, kitakuonyesha kilele cha almasi kwenye 1332 kwa sentimita. Ukiona vilima kwenye 1140 na 1480 hivi, mipaka ni mingi.

Utando ukitoka kwenye plazima uso wake umefunikwa na haidrojeni. Ukikutana na unyevu wa hewa, uso huo hupitisha umeme vizuri ajabu, na mkondo wa giza utakuwa mkubwa hadi utadhani umeharibu kazi nzima. Hujaharibu. Ondoa haidrojeni kwa plazima ya oksijeni ya dakika chache, au kwa ozoni chini ya taa ya urujuanimno, au kwa asidi kali za moto ikiwa maabara ina kabati la kufyonza mivuke na mtu aliyefunzwa. Baada ya hapo ndipo elektrodi: titani ya nanomita 10 hadi 20 ili ishike, kisha dhahabu ya nanomita 100, vidole na nafasi za mikromita 10, volti 5 hadi 20. Usiguse kihami kwa kidole. Ukinzani wa ohmu bilioni 100 unaonekana mkubwa, lakini kwa volti 5 hupitisha pikoampea 50, karibu nusu ya ishara tuliyoihesabu juu kwa ajili ya Lyman-alfa. Alama ya jasho kwenye plastiki inatosha kufika hapo.

Kisha taa, na hapa ndipo kesi huharibika mara nyingi. Taa ya zebaki ya shinikizo dogo hutoa karibu mwanga wake wote wa urujuanimno kwenye nanomita 254, na kiasi kidogo kwenye 185. Fotoni ya 254 ina elektronivolti 4.88, chini ya pengo la almasi. Kigunduzi cha nanochembe kikitoa mkondo mkubwa mbele ya taa hiyo, kinachokupa salamu ni mpaka wa chembe. Si lazima hilo liwe baya. Anayetaka tu kujua kama taa ya kusafishia maji imewaka anaweza kuridhika. Lakini asiandike kwamba amepima mwitikio wa almasi, wala asiahidi upofu kwa jua. Weka kioo cha kawaida cha dirisha katikati: kinazuia 254 na 185 zote na kuacha mwanga unaoonekana upite. Mkondo ukibaki, utando wako unaona mwanga wa kawaida. Kisha ondoa kioo, pima taa ikiwa wazi, halafu weka kichujio kinachozuia 185 peke yake upime tena: tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo sehemu inayoweza kuwa ya almasi. Kumbuka kwamba oksijeni ya hewa humeza 185 na kuigeuza ozoni, kwa hiyo njia ya mwanga ijazwe nitrojeni na chumba kipitishe hewa. Macho na ngozi vifunikwe. 254 haina rangi inayokuonya.

Ukienda kwenye mawimbi mafupi zaidi, kama 121.6, mwanga huanza kung'oa elektroni kutoka katika dhahabu yenyewe, maana fotoni ina elektronivolti 10.2 na dhahabu inahitaji takribani 5. Elektroni hizo zikiruka kwenda ukutani husomeka kama mkondo wa kigunduzi. Geuza volti: mkondo wa kweli wa MSM yenye vidole sawa hubaki na ukubwa ule ule na kugeuza alama tu, ule wa elektroni zinazoruka haugeuki hivyo. Mkondo usiolingana pande mbili una mgeni ndani yake.

Mwisho, pima muda. Funga kizuizi cha mwanga ghafla na rekodi jinsi mkondo unavyoshuka. Sehemu itakayoanguka ndani ya milisekunde ni ya chembe na eneo zuri; mkia unaoburuzika kwa sekunde au dakika ni wa mitego ya mipakani. Rudia kwa 254 peke yake, kisha kwa mwanga mfupi kuliko 227, kwa volti ile ile na baada ya kukaa gizani muda ule ule, angalau nusu saa. Kama mkia ni mrefu zaidi kwenye 254, umepata tofauti kati ya mpaka na chembe, kwa namba zako mwenyewe. Na kabla ya kuandika kwamba kigunduzi kimechoka baada ya wiki tatu za kupima, weka LED ndogo pembeni, upande wa ndani wa dirisha la kwazi, uisome kila asubuhi. Ikibaki palepale huku ishara ya taa ikishuka, toa dirisha lile, lisafishe, na upime tena kabla hujaigusa almasi.